Stoo ya Jikoni Ikianza Kugoma: Dalili, Sababu na Marekebisho ya Rafu na Droo

Kazi yangu ni makabati. Nimeyatengeneza Keko, nimeyafunga Tabata, Mbezi na Kigamboni, na mara kadhaa nimevuka maji kwenda kuyafunga Unguja. Simu ninazopigiwa miezi michache baada ya kazi kwisha hufanana sana: rafu imepinda, kona imeshuka, droo imegoma, kuna harufu humo ndani. Nyingi nimezimaliza kwa maelezo ya simu tu, kwa sababu chanzo hujirudia. Hapa nimezipanga dalili kama wenye nyumba wanavyozieleza, na katika kila moja ninaanza na sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi.

Nataka jambo moja likae kichwani kabla hujashika bisibisi: dalili huonekana mahali pamoja na chanzo kikakaa pengine. Droo inakwama, kumbe kabati limelala upande. Rafu inaanguka, kumbe mbavu za kabati, yaani mbao zake za pembeni, zimetanuka. Watu wengi wamenunua reli mpya, wakazifunga palepale kwenye kabati lililopinda, na baada ya wiki mbili droo imegoma tena.

Anza hivi, dalili iwe yoyote

Toa vitu vyote kwenye rafu au droo yenye shida. Usitoe nusu. Rafu iliyopakiwa ukilegeza pini yake moja, kile kijiti kinachoibeba pembeni, inakushukia miguuni.

Halafu vipime. Mzani wa bafuni unatosha. Mama mmoja wa Tabata aliniambia rafu yake ina vitu vidogo vidogo tu. Tukavishusha mezani kimoja kimoja: mchele kilo 25, sembe kilo 10, sukari kilo 5, maharage kilo 4, dumu la mafuta la lita 5, chumvi, makopo ya nyanya. Jumla ilipita kilo 50, juu ya chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) ya milimita 16 yenye urefu wa sentimita 110. Nikamwambia, "Mama, hapa ni kama mtu mzima amepanda akakaa, na hashuki usiku wala mchana." Akanijibu, "Lakini fundi, kila kimoja nilikipandisha mwenyewe kwa mikono yangu." Na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Mkono hubeba kimoja kimoja na kupumzika, rafu hubeba vyote kwa pamoja bila kupumzika.

Tatu, weka pima maji juu ya kabati, kwanza kushoto kwenda kulia, kisha nyuma kuja mbele. Usiweke juu ya rafu iliyopinda, itakudanganya. Kama huna pima maji, chupa ya maji yenye povu la hewa ndani yake haitakupa jibu la uhakika. Azima kwa jirani fundi.

Rafu imepinda katikati

Hii ndiyo malalamiko namba moja. Kaza uzi kutoka ncha moja ya rafu hadi nyingine, kwenye ukingo wa mbele, kisha pima mwanya kati ya uzi na rafu pale katikati. Milimita mbili au tatu kwenye rafu ya sentimita 90 mimi huwa naziacha. Ikifika milimita tano, shughulika nayo, kwa sababu chipubodi na MDF (ubao wa unga laini wa mbao) zikianza kupinda chini ya mzigo wa kudumu huendelea polepole hata kama hujaongeza kitu.

Sababu ya kwanza ni mzigo mzito kuwekwa juu. Shusha magunia, madumu na ndoo. Ndoo ya mafuta ya lita 20 ina karibu kilo 19, hiyo haina kazi yoyote juu ya rafu ya kupandisha na kushusha. Mahali pake ni chini kabisa, juu ya kibao chenye magurudumu au ndani ya kabati la chini lenye sakafu imara. Juu weka majani ya chai, tambi, viungo, biskuti, vyombo vitupu.

Ya pili ni urefu wa rafu kati ya nguzo na nguzo. Hapa kuna hesabu ambayo kila mwenye stoo angefaa kuijua: kwa uzito uleule, ukifupisha rafu kwa nusu, mpindo unapungua mara nane. Ukiongeza unene mara mbili, nao unapungua mara nane. Kwa hiyo nguzo moja tu ya katikati, hata kipande cha ubao kilichosimamishwa kati ya rafu ya chini na ya juu, kinafanya kazi kubwa kuliko kubadilisha rafu nzima. Kwa chipubodi ya milimita 16 mimi sivuki sentimita 60 pakikaa vyakula vizito. Kwa plaiwudi ya milimita 18 nafika 80.

Ya tatu ni aina ya ubao. Chipubodi yenye melamini ni safi na hupanguswa kirahisi, lakini ni ya kwanza kupinda. Plaiwudi nzuri, hasa ile mafundi wanayoiita marini, inavumilia zaidi.

Marekebisho yanafuata mpangilio huohuo. Punguza mzigo. Kisha geuza rafu, tumbo lililoshuka litazame juu. Hiyo ni nafuu ya muda tu, ila inakupa miezi ya kujipanga. Kisha piga ubao wa kingo: chukua kipande cha mninga au mkongo chenye upana wa sentimita 4 na unene wa sentimita 2, kisimamishe wima chini ya ukingo wa mbele, gundi nyeupe urefu wote na skrubu kila baada ya sentimita 15. Rafu ikiwa na mapana, piga na wa nyuma. Hakikisha tu kipande hicho ni kifupi kidogo kuliko rafu, ili kisigongane na pini za pembeni ukitaka kuihamisha.

Acha kuirekebisha na uitupe ikiwa upande wa chini, katikati, umeanza kuchanika au kumenyuka unga wa mbao. Ubao wa namna hiyo umeshavunjika kwa ndani.

Kona moja ya rafu imeshuka, au rafu inacheza

Anza na rahisi: hesabu matundu. Nimekwenda nyumba zaidi ya moja nikakuta pini tatu ziko tundu la 9 kutoka chini na ya nne iko la 10. Makabati mengi ya kisasa yana matundu ya milimita 5 yaliyoachana milimita 32, na macho hukosea kirahisi. Weka alama ya penseli pembeni ya matundu manne kabla ya kuhamisha rafu.

Kama matundu yako sawa, chomoa pini uitazame. Pini za plastiki hukatika shingo, na zilizokatika nusu hazionekani mpaka uzitoe. Badilisha zote nne kwa za chuma, usibadilishe moja. Beba ile ya zamani dukani, maana kuna pini za milimita 5 na za milimita 6, na pini nyembamba ndani ya tundu pana inakaa kichwa chini.

Baada ya pini, tazama tundu lenyewe. Kwenye chipubodi mdomo wa tundu huliwa ukawa kama yai. Usilijaze kwa njiti na gundi ukaendelea kupakia sembe. Dawa rahisi na imara ni kuacha tundu hilo na kuhamia la juu au la chini. Kama urefu ule ndio unaoutaka, funga kibanzi cha mbao ngumu, urefu sawa na kina cha rafu, skrubu mbili au tatu ubavuni mwa kabati, rafu ilale juu yake. Rafu hiyo haitapanda wala kushuka tena, lakini haitaanguka.

Sababu inayosahaulika kabisa ni mbavu za kabati kutanuka. Kabati refu lenye rafu za kuhamishika tu, bila rafu moja iliyofungwa katikati na bila ubao wa nyuma ulioshikwa vizuri, hufunguka taratibu kama kitabu. Pima upana wa ndani juu, katikati na chini. Katikati pakizidi kwa milimita 3 au zaidi, rafu imeshakaribia kutoka juu ya pini. Hapo funga rafu moja ya katikati kwa skrubu kutoka nje, kaza ubao wa nyuma, kisha upime tena. Kukata rafu ndefu zaidi bila kuzuia mbavu ni kulisukuma kabati litanuke zaidi.

Nguzo za matundu au braketi zinachomoka ukutani

Ukiona skrubu ya juu imetoka hata milimita mbili, au ufa mdogo kwenye plasta juu ya braketi, shusha mzigo leo. Usingoje kesho. Skrubu ya juu ndiyo inayovutwa na mzigo wote. Ya chini inasukumwa tu. Ya juu ikitoka, rafu zote za nguzo ile hushuka pamoja.

Mara nyingi skrubu ni fupi. Plasta peke yake inaweza kuwa sentimita 2, na skrubu ya sentimita 3 inashika plasta, haishiki tofali. Tumia fisha (kibomba cha plastiki kinachoshika skrubu ndani ya ukuta) ya milimita 8 na skrubu ya sentimita 6 hadi 7, na tundu lisafishwe vumbi kabla ya kuingiza fisha. Sababu nyingine ni tofali lenye uwazi ndani, ambalo linahitaji fisha za kufunguka kwa nyuma. Ukuta wa jipsamu usibebeshwe stoo hata kidogo, labda skrubu ziingie kwenye fremu yenyewe.

Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe, ni habari nyingine. Jiwe ni gumu hapa na unga pale, na unyevu una chumvi inayokula skrubu. Huko nilishakata tamaa ya kufunga ukutani. Nasimamisha fremu ya mbao kutoka sakafuni, ukuta unaizuia isiyumbe tu, na skrubu zote ni za chuma kisichoshika kutu.

Simama uite fundi wa umeme ikiwa unapotaka kutoboa pako juu, chini au ubavuni mwa soketi au swichi, kwa usawa mmoja nayo. Nyaya hupita humo. Simama pia kama upande wa pili wa ukuta kuna bafu au sinki. Na kama ni nyumba ya kupanga, acha kuta za watu: kabati la kusimama lenye kufungwa kwa skrubu moja ya usalama linatosha.

Droo nzito, inakwama, au inavutika kwa kelele

Kwenye stoo ya chakula, adui wa kwanza wa reli ni unga. Sembe inapochotwa, chembe zake hudondoka ndani ya reli, zikakutana na mafuta ya kiwandani, zikawa tope la kijivu. Vuta droo mpaka mwisho, washa tochi, utaliona limejikusanya mbele ya gololi.

Mtu akiona hivyo hukimbilia mafuta ya kupikia. Naomba usifanye hivyo. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi ndani ya wiki chache, na huvuta mende na sisimizi hadi ndani ya chakula. Safisha kwa mswaki wa zamani mkavu, kisha kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, kausha, halafu tone moja au mawili ya oili ya cherehani kwenye njia ya gololi, na ufute yanayozidi. Droo ya kizamani ya mbao kwa mbao haitaki oili kabisa. Sugua nta ya mshumaa kwenye njia zake na itateleza.

Kuitoa droo ya reli za gololi: ivute hadi mwisho, utaona kiulimi cheusi cha plastiki kila upande. Kimoja kinabonyezwa juu, kingine chini, kwa wakati mmoja, huku ukivuta. Wakati wa kurudisha, kwanza vuta fremu ya gololi ije mbele kabisa pande zote mbili, ndipo uingize. Ukilazimisha ikiwa nyuma, gololi zinamwagika na reli hiyo imekufa. Zikimwagika nunua jozi mpya, usichanganye ya zamani na mpya.

Kama ni safi na bado inakwama, endelea hivi:

Angalia uzito. Reli nyingi za gololi zinazouzwa madukani zimeandikwa kilo kati ya 30 na 45, na namba hiyo ni ya jozi, droo yenyewe ikiwemo. Droo iliyojaa mitungi ya vioo ya dengu, choroko na njugu hufika huko bila wewe kujua.

Angalia kama kabati liko sawa. Pima pembe kwa pembe, kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha kinyume chake. Vipimo vikitofautiana, kabati limelala na reli haziwezi kwenda sambamba. Ingiza vibanzi chini ya mguu ulioshuka mpaka vipimo vilingane. Nimetengeneza droo nyingi "mbovu" kwa kibanzi kimoja cha plaiwudi bila kugusa droo.

Angalia upana wa droo. Reli za gololi zinataka karibu milimita 13 kila upande. Droo iwe nyembamba kuliko uwazi wa kabati kwa milimita 26 hivi. Ikiwa nene kuliko hapo inabanwa. Ikiwa nyembamba, reli zinavutwa ndani na droo inatikisika. Iliyopungua hurekebishwa kwa kuweka kipande chembamba cha plaiwudi nyuma ya reli. Iliyozidi inabidi ivunjwe na kuungwa upya, hakuna njia ya mkato.

Tazama unavyoivuta. Droo pana isiyo na kina, mfano upana sentimita 90 na kina sentimita 40, ukiivuta kwa ncha moja inakaa mshazari na kubana. Weka mshikio mmoja katikati, au ugawe droo hiyo ziwe mbili.

Halafu kuna majira. Dar es Salaam na pwani yote, mvua za masika za Machi hadi Mei huvimbisha mbao. Droo ya mbao iliyoteleza Februari ikigoma Aprili, usikimbilie randa. Ukiiranda Aprili, Agosti itakuwa inacheza. Paka nta, ingoje kiangazi, kisha uipake vanishi pande zote, hata zile zisizoonekana, ili isinywe unyevu msimu ujao.

Droo haifungi hadi mwisho, au inafunguka yenyewe

Haifungi: kuna kitu nyuma yake. Pakiti ya hamira, mwiko, mfuko wa nailoni. Itoe droo yote utazame kabla ya kufikiri lolote. Nyuma hapana kitu? Basi angalia skrubu ya reli iliyolegea, kichwa chake kikatokeza na kugonga.

Inafunguka yenyewe: kabati limeinama mbele. Pima maji itakuambia. Nyanyua miguu ya mbele hadi kabati lilale nyuma kidogo sana. Zikiwa reli za kujifunga taratibu, huenda kifaa chake kimechoka au kimejaa unga. Kisafishe, kikishindwa badilisha jozi.

Sakafu ya droo ikianguka, karibu siku zote ni ubao laini wa milimita 3 uliopigwa misumari kwa chini. Weka plaiwudi ya milimita 6, ikae ndani ya mfereji au juu ya vibanzi vilivyogundishwa pande zote nne.

Kabati lote linayumba kuja mbele ukifungua droo

Hapa hakuna ukaguzi mwepesi. Funga droo zote, ondoa watoto jikoni, toa vitu vya juu. Droo mbili nzito zikiwa nje kwa pamoja zinahamisha uzito wote mbele ya miguu ya kabati, na mtoto akikanyaga ya chini kama ngazi kabati linamlalia. Lazima lifungwe ukutani kwa juu, kwa vyuma viwili vya pembe vilivyoshika tofali. Huna uhakika na ukuta wako? Ita fundi, na mpaka aje kabati likae tupu.

Kingo zimevimba, chumvi inaganda, kuna harufu ya ukungu

Chipubodi iliyovimba hairudi. Unaweza kuipiga msasa na kuipaka rangi, lakini nguvu yake imeondoka, kwa hiyo usiibebeshe tena. Kazi iliyobaki ni kujua maji yanatoka wapi ili rafu mpya isife kifo kilekile.

Bandika kipande cha nailoni safi ukutani, kama sentimita 30 kwa 30, zibe kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache siku mbili. Matone yakijikusanya upande wa ukuta, maji yako ndani ya ukuta: bomba linalovuja, bafu la upande wa pili, au unyevu unaopanda kutoka chini ya msingi. Hiyo ni kazi ya fundi bomba au fundi ujenzi. Rafu mpya zingoje. Matone yakiwa upande wa chumba, tatizo ni hewa ya stoo isiyotembea. Sogeza kabati sentimita 3 kutoka ukutani, linyanyue sentimita 10 kutoka sakafuni kwa miguu ya plastiki, toboa matundu ya hewa chini na juu ya mlango na uyafunike kwa wavu wa mbu.

Sasa chakula. Nafaka iliyokaa kwenye stoo yenye harufu ya ukungu ikaguliwe kabla ya kurudishwa kwenye rafu mpya. Kuna kipimo cha mkulima kinachofaa hata mjini: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka chumvi kavu kidogo, tia mahindi, tikisa dakika moja, acha itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yana unyevu mwingi mno, hayafai kuhifadhiwa. Yaanike.

Yaliyokwisha kuota ukungu hayaokolewi. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kutokana na mahindi ya nyumbani, chakula cha kila siku. Usiyachambue ukabakiza mazuri, usiyape kuku, usiyape ng'ombe. Yafukie.

Vumbi laini kwenye rafu, vitobo, vijia vya udongo

Tofautisha kwanza. Vijia vya udongo vinavyopanda ukutani au nyuma ya kabati ni mchwa. Kuvikwangua hakutoshi, kundi liko ardhini. Ita wenye kazi ya dawa, na kabati litolewe kwanza. Punje nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa ni kinyesi cha mende. Zikiwa na ukubwa wa punje ya mchele, ni kinyesi cha panya, na utafute tundu linalopitisha bomba.

Vumbi la unga lenye vitobo vya mviringo kwenye mahindi, na wakati mwingine kwenye ubao wenyewe, linaweza kuwa dumuzi. Wakulima wengi wa Tanzania humwita Scania, na Kenya wapo wanaomwita Osama. Alitokea Amerika ya Kati, akaonekana Tabora kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na asili yake ni mdudu wa mbao. Ndiyo maana kusafisha mahindi peke yake hakutoshi. Rafu za mbao, pembe za droo na mifereji yake zote zifyonzwe au zipigwe brashi, zioshwe kwa maji ya moto, zianikwe juani hadi zikauke. Nafaka kidogo uigandishe kwenye friza siku nne. Iliyo nyingi itie kwenye mifuko isiyopitisha hewa na uifunge barabara.

Onyo ninalolisema kila nyumba: vidonge vya kufukizia nafaka visiingie stoo ya nyumba mnayolala. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, nayo huua watu chumba cha pili huku mlango umefungwa. Wala usipulize dawa ya mende juu ya rafu zenye chakula kilicho wazi.

Hapo hapo nitaje mtungi wa gesi. Ile gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini, ndani ya kabati lililofungwa inajaa kama maji kwenye beseni. Mtungi ukae mahali penye upepo, nje ya stoo. Ukisikia harufu, usiguse swichi yoyote: fungua milango, tokeni, ita mtaalamu mkiwa nje.

Vitu vinapotea nyuma, na rafu hazitoshi

Hapa hakuna kilichovunjika, lakini malalamiko ni mengi. Mama mtu mzima mmoja Kigamboni aliniita nimwongezee rafu mbili. Tulipotoa vitu tukakuta chupa tatu za siki, mbili hazijafunguliwa, na pakiti za hamira zilizopita muda, zote nyuma ya kopo moja la maziwa. Rafu zake zilikuwa na kina cha sentimita 60, mkono wake ulifika 40. Sikuongeza rafu. Nilizikata mbili za usawa wa macho zikawa sentimita 30, na chini ya kiuno nikaweka droo za kuvutika hadi mwisho, maana droo huleta nyuma yake mbele.

Sababu inayofuata ni rafu za kupandisha na kushusha ambazo hazijawahi kupandishwa. Zimebaki kama fundi alivyoziacha, zote zikiachana sentimita 35, na juu ya kila kopo kuna hewa tupu. Pima kitu kirefu kuliko vyote utakachoweka kwenye kila rafu, ongeza sentimita 4 za kupitisha mkono, hapo ndipo rafu inayofuata ikae. Kwenye stoo ya kawaida utapata rafu moja zaidi, wakati mwingine mbili, bila kununua nguzo mpya.

Vitunguu na viazi visilale droo moja. Viazi huchipua haraka na vikipata mwanga hugeuka kijani, na kijani hicho si cha kula. Dagaa na samaki wakavu wapewe chombo chenye mfuniko wa kubana na kona yao mbali na unga, kwa sababu unga hunywa harufu.

Ukimaliza, chukua pini nne za akiba na skrubu mbili za reli, zitie kwenye bahasha, andika juu yake kipimo cha tundu na upana wa droo kwa milimita, uibandike ndani ya mlango wa kabati. Ukinipigia simu ndiyo maswali yangu mawili ya kwanza.